Shamba Lisilogusana na Mji

Wapendwa, huku kwetu mlimani alikuwako mzee mmoja aliyerithi kihamba, shamba la migomba la baba zake. Enzi za utoto wake mfereji ulipita uani ukiimba usiku kucha. Yeye na mdogo wake walikinga maji kwa jani la gimbi, wakigombea funda la kwanza, hata mama yao akapaza sauti kutoka jikoni: "Nyie! Kwani maji hayo yana mwisho?"

Kumbe yalikuwa na mwisho. Mfereji ulikauka, migomba ikainamisha vichwa, na mke wa mzee, magoti yakimuuma, akawa anateremka bondeni na ndoo. Mji nao ulikuwa umepanda mlima hata ukakaribia, lakini bomba lake la maji liliishia pale ulipoishia mpaka wake. Mzee akavaa koti lake la ibada, akaenda kuomba kihamba chake kiingizwe mjini.

Binti wa ofisi ya ardhi akampokea kwa heshima. "Babu, mji wetu haumburuti mtu. Mwenye ardhi huomba mwenyewe, kwa saini yake, na mipaka yake iwe inajulikana. Tena ardhi hiyo iwe inagusana na mji." Akatandaza ramani. "Hapa kati ni kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani, babu?"

"Mtu... tuliyenyonya naye ziwa moja."

"Basi naye aombe, muingie pamoja. Mji si panzi, babu. Hauruki shamba la mtu."

Mzee akarudi nyumbani. Tangu mama yao azikwe hawakusemezana, kwa kuwa yeye, kaka mtu, aling'oa masale ya mpakani akayapanda ndani ya shamba la mdogo wake. Nanyi mnayajua masale: ndiyo tunayopanda kutenga shamba na shamba, na jani lake ndilo tunalompelekea mtu tuliyemkosea, naye kwa mila hawezi kulikataa.

Asubuhi alichuma jani pale pale mpakani, akaingia uani kwa mdogo wake, aliyeachiwa nyumba ya mama yao. Karatasi ya maombi ilikuwa ikichungulia mfukoni.

Mdogo wake alikuwa akipogoa migomba. Akalitazama jani, kisha akaitazama karatasi. "Kaka, jani siwezi kulikataa, mama asije akanijia ndotoni. Nimekusamehe, na saini nitakupa. Ila niambie: umekuja kwangu, au unapita kwangu kwenda mjini?"

Je, ungekuwa wewe, ungejibu nini?

Moshi ulifuka jikoni, pale pale mama yao alipopikia, na masikioni mwa mzee mfereji ukaanza tena kuimba. Akaitoa karatasi, akaiweka juu ya kigogo, akaikalia.

"Mambo ya mji nimeyakalia," akasema. "Nipe maji ninywe, mdogo wangu."

Mdogo mtu akacheka mpaka panga likamtoka mkononi. Akaleta maji ya bondeni katika kata. Mzee akayapokea kwa mikono miwili, akamrudishia.

"Anza wewe."

Najua mwataka kuuliza kama bomba lilifika. Lilifika, karatasi ilitiwa saini jioni ile, imekunjamana. Lakini silo nililowasimulia. Sisi tunaoomba kuingizwa katika ule mji wa juu, tumesahau kwamba kati yetu na mji huo pana shamba la mtu. Na tuliokumbuka, tumekwendaje? Jani mkononi, karatasi mfukoni! Tunamsamehe jirani ili tuokoke, tunamlisha maskini ili tubarikiwe. Ndugu tumemfanya kichochoro.

Ukitoka hapa leo, nenda kwake, lakini usiende kwa ajili ya mbingu. Nenda kwa ajili yake. Keti. Omba maji. Na funda la kwanza, mwachie yeye.