Makufuli ya Moshi

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Ghalibu, aliyeuchukia moshi wa magari karibu sawa na alivyoichukia njaa. Na njaa aliichukia sana, tumbo lake shahidi. Siku moja alipita sokoni na kanzu nyeupe, akarudi na kanzu ya kijivu. Kesho yake ikapigwa mbiu: kila gari mjini litiwe kufuli.

Si kufuli la mlango, jamani. Kila gari lina kisanduku cha umeme, ndio ubongo wake. Ndicho kinachoiamuru injini inywe petroli kiasi gani. Askari wakavifunga visanduku vyote kwa makufuli ya namba za siri, fundi yeyote asiviguse, na namba akaziweka Sultani kichwani mwake. Anayetaka kufunguliwa apange foleni barazani. Sultani alifungua visanduku vitatu kwa mwezi, tena akipenda.

"Na atakayevunja kufuli lililofungwa kwa amri yangu," akaapa mbele ya umati, "atahama mji siku hiyohiyo, hata nikiwa mimi!"

Watu wakapiga makofi. Watu wa mji ule walipigia makofi kila kitu.

Sasa mjini humo alikuwamo fundi Kidawa, mwanamke asiye na mali ila gereji ya makuti na sikio. Huchukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia gari linaumwa nini. Akikigusa kile kisanduku kidogo tu, gari kuukuu lilipanda mlima kama bwana harusi. Baada ya makufuli, gereji ikabaki na kuku.

Kidawa hakuwajali kuku. Aliyemtia uchungu ni Bi Mwanasiti, mkunga. Gari lake lilifungwa kisanduku kikiwa kimepangwa kwa barabara ya tambarare, na wajawazito wengi walikaa mlimani. Likifika nusu ya mlima linakohoa, linatema moshi mweusi, linarudi kinyumenyume. Wiki ile mtoto alipokewa na baba yake, na baba mwenyewe akazimia. Mji mzima ulicheka. Kidawa alicheka pia, halafu akaingiwa na hofu: safari nyingine huenda wasicheke. Akaenda barazani na grisi yake mikononi.

"Bwana wangu, nifungulie kisanduku cha mkunga, nikirekebishe, gari lipande mlima."

"Apange foleni. Zamu yake ni mwezi wa tisa."

"Watoto hawajui foleni, bwana."

"Wafundishwe."

"Kama shida ni moshi, funga kitambaa cheupe kwenye bomba la gari, uhesabu mpaka mia. Kikitoka cheusi, nifukuze mji. Pima moshi, bwana, usifunge mikono ya watu."

"Nikiwaachia nyinyi mafundi, kila mmoja ataongeza mbio, na moshi juu yake."

"Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini mgeni mmoja akimwaga mchuzi, utawafunga wote midomo?"

Sultani akakuna ndevu. Kidawa akaona mlango uko wazi kidogo.

"Niambie, bwana. Gari lile ni la nani?"

"La mkunga."

"Na kufuli?"

"Langu."

"Atapandaje mlima bila kufunguliwa?"

"Gari analo," Sultani akasema. "Tena linang'aa. Alitazame."

Baraza zima likacheka. Kidawa akainama.

"Nimeshindwa, bwana. Basi nipe kazi ndani ya sheria yako, nile. Nifanye mfungaji."

Hapo Sultani akacheka mpaka tumbo likapata habari. Mfunguaji kawa mfungaji! Akaandika barua palepale: Kidawa afunge kila kitoacho moshi mjini, na namba aziweke yeye kichwani. Akampa na gunia la makufuli.

Ijumaa Sultani alikuwa na wageni, masheha kumi na wawili kutoka ng'ambo. Mpishi wa jumba, Feruzi, alikuwa ameshaivisha pilau ya mbuzi, moshi wa kuni ukitoka kwenye bomba la jiko. Kidawa akaingia na barua yake. Akafunga kitambaa cheupe bombani, akahesabu mpaka mia bila kuruka hata moja. Kikatoka cheusi tititi. Basi akachukua mnyororo, akauzungushia sufuria na kifuniko chake, akatia kufuli.

"Mama we! Moshi unatoka kwenye bomba, unafunga sufuria?" Feruzi akapiga kelele.

"Na magari yanatoa moshi wapi, mpishi wangu? Na kufuli tumelitia wapi?"

Feruzi akakimbilia ukumbini. Punde Sultani akashuka jikoni mwenyewe, masheha nyuma yake, kila mmoja ameshanawa mikono.

"Wewe! Nani kakuamuru?"

Kidawa akamwonyesha barua. Sultani akaisoma. Mwandiko ulikuwa wake.

"Vunja kufuli hili!"

"Mimi sitaki kuhama mji, bwana. Labda uvunje wewe."

Masheha wakatazamana. Kiapo kile walikuwa wamekisikia hata huko ng'ambo.

Sultani akateremsha sauti. "Kidawa. Pilau hii ni ya nani?"

"Yako, bwana."

"Na kufuli?"

"Langu."

"Nitailaje bila kufunguliwa?"

"Pilau unayo, bwana. Tena inanukia. Inuse."

Sheha mmoja akakohoa ndani ya kilemba chake. Tumbo la Sultani likanguruma, na kila mtu akajifanya hakusikia.

"Basi fungua, mwanangu," Sultani akasema, sasa kwa upole kabisa. "Fungua, nakuomba."

"Naam, bwana wangu, hiyo ni haki yako," Kidawa akajibu, akiketi juu ya gunia lake. "Ila mimi nami nafungua kwa foleni, na mbele yako yuko Bi Mwanasiti."