Aliyenenepa kwa Chakula Asichokila

Hapo zamani, katika nchi ya Mberezani, Sultani Badawi alikuwa akitoa kila mwaka magunia mia ya mtama katika ghala yake kulisha nyumba ya wagonjwa. Ikawa mfalme wa nchi ya mbali akasikia kwamba wagonjwa wale hawashibi, akaingiwa na huruma, akapeleka magunia mia yake, na mjumbe wa kuhakikisha kwamba yanaliwa na wagonjwa tu. Mjumbe akahesabu, akanusa, akapiga mihuri mitatu, akaandika kwao kwamba ameridhika.

Basi palikuwa na fukara mmoja, Mbaruku, mwenye ulimi mrefu kuliko kanzu yake, na mama yake amelazwa humo. Kila akienda kumtazama huona uji ni uleule mwepesi, ila farasi wa Sultani, waliokuwa kumi, sasa ni ishirini na wanang'aa. Siku ya baraza akasema, "Maulana, mtama wa mgeni unanenepesha farasi wako."

"Muongo!" akafoka Sultani. "Farasi wangu hawajaonja hata punje yake. Mjumbe mwenyewe ni shahidi."

"Kweli, Maulana. Wamenenepa kwa mtama wasioula."

Baraza likacheka; Sultani hakucheka. "Haya, mjuzi. Utakaa gerezani miezi miwili, kisha uniletee kiumbe aliyenenepa kwa chakula asichokila. Ukikosa, utachapwa viboko mia, na mama yako atatolewa katika nyumba ile."

"Nimesikia na kutii. Ila naomba mke wangu, Mize, aniletee sahani moja kila siku."

"Alete. Sheria yangu inampa mfungwa sahani moja. Ya mkeo iwe nyongeza."

Miezi miwili ikapita. Mbaruku akaingia barazani, mwembamba vilevile, akimvuta mkono Sarahani, mlinzi wa gereza, ambaye mkanda ulikuwa haumtoshi tena.

"Maulana, kiumbe wako huyu hapa."

"Wee Sarahani! Umekula chakula cha mke wa mtu?"

"Haki ya Mungu, Maulana, hata tonge! Sahani ya Bi Mize nilimpa mwenyewe, nikamtazama mpaka akalamba vidole."

"Na sahani yangu, ya gereza?"

Sarahani akainama atazame miguu yake, tumbo likamzuia. "Niliona mtu keshashiba kwake, Maulana. Kumpa mara mbili nikaona ni israfu."

"Basi," akasema Mbaruku, "Mize kapika miezi miwili, akidhani ananiongezea mimi."

Mjumbe, aliyeketi kando, akamwomba karani wino. Sultani akautazama ule wino, akaangua kicheko, maana njia nyingine zote za kutoka pale zilikuwa na aibu zaidi.

"Mfungueni! Na magunia yangu mia yarudi nyumba ya wagonjwa leo hii, juu ya yale ya mgeni, na Mbaruku asimamie upishi. Farasi kumi wauzwe."

Jioni ile mama yake Mbaruku alimaliza bakuli lake, akaomba jingine, kwa mazoea tu ya kuomba. Akaletewa.