Punje Nyeupe Kwenye Nyonga ya Mama

Kaeni, wapendwa, kaeni. Ila niwaambie, nimewaona wakati wa wimbo, mlivyokuwa mmesimama. Nitarudi kwenye hilo, msidhani nimesahau. Kwanza nataka kuwapa habari ya mama mmoja. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kuulizana ni mama nani. Kina mama wa kwaya, nawatazama ninyi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyejua kucheza. Sisemi kucheza huku kwa kutikisa kichwa kwa adabu. Nasema kucheza! Mshereheshaji akitangaza kwamba upande wa mama mzazi waingie ukumbini, watu waliacha pilau lipoe ili wamwone. Mabinti wa dada zake aliwaingiza yeye, na wa majirani pia. Binti yake mwenyewe, wa pekee, alikuwa bado mdogo, na mama alikuwa akimwambia, "Wewe siku yako ikifika, watu watajua kwamba kwa hao wengine nilikuwa nafanya mazoezi tu."

Sasa binti akakua, na nyonga ya mama ikaharibika. Mfupa ukawa unasagana na mfupa, mpaka kukaa ni shida na kuinuka ni shida. Madaktari wakamwekea nyonga bandia, ya chuma. Na kwa kuwa hospitali hiyo ilikuwa inafanya utafiti, wakamwomba awe anarudi kupigwa picha, waone kama chuma kinashikana na mfupa au kinalegea. Walimweleza kila kitu kabla ya upasuaji. Lakini si mnajua sisi mbele ya daktari tulivyo? Yeye anaeleza, wewe unaitikia, "Ndiyo daktari, sawa daktari," na kichwani unawaza kama utaamka. Mama aliitikia yote, hakusikia hata moja.

Siku ya picha ya kwanza, wakati anavaa viatu, akachungulia kioo cha kompyuta. Akaona chuma chake kinang'aa. Halafu pembeni yake, mle mle ndani ya mfupa, akaona punje ndogo ndogo nyeupe zimetawanyika kama ulezi uliomwagika. Moyo ukampiga paa! Akajiambia, basi tena, chuma kimeanza kusagika, na vile ni vipande vyake.

Daktari akageuka akitabasamu. "Mama, uko vizuri kabisa. Nyonga imeshika."

"Asante, daktari."

Mdomo ulisema asante. Moyo ulisema nini? Moyo ulisema, wananificha! Si ndivyo tulivyozoea? Mgonjwa anaambiwa utapona tu, halafu ndugu wanaitwa pembeni kuambiwa ukweli. Basi jinsi daktari alivyozidi kutabasamu ndivyo mama alivyozidi kuogopa.

Wakamwambia aanze kuuacha mkongojo. Akauacha? Thubutu! Uzito wote akauhamishia begani. Kutoka kitandani, mkongojo. Kwenda jikoni, mkongojo. Kila akirudi kupigwa picha anaambiwa yuko vizuri, na kila akichungulia anaziona punje zake zile zile, anarudi nyumbani akiegemea zaidi ya jana. Na hakumwambia mtu. Mwaka mzima mwanamke yule alikuwa anasubiri kuanguka.

Binti akaposwa. Ikapangwa sherehe ya kumuaga, na mama akamwita chumbani.

"Mwanangu, siku hiyo mama yako mdogo ndiye atakayekuingiza ukumbini. Mimi nitakaa meza ya mbele, nitapiga vigelegele."

"Mama mdogo? Mama! Yule anacheza kama anatafuta ufunguo alioudondosha!"

"Mguu huu utatuaibisha wote wawili."

Binti akaacha kucheka. "Mimi nimekungoja wewe tangu nikiwa mtoto. Usipoingia na mimi, siingii. Waje waniage huko huko mlangoni."

Mama akalia. Nani asingelia? Hakukuwa na kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kuuvuka mlango ule na mwanawe, na alikuwa na hakika kwamba akijaribu, ataanguka mbele ya wakwe.

Kumbe bega nalo limechoka. Bega la upande wa mkongojo likagoma, mama akawa hawezi kuinua mkono hata kufunga kilemba. Binti akamkokota mpaka hospitali ile ile. Akapokelewa na daktari mmoja wa kike, wa kundi lile la utafiti. Akapakwa ile dawa ya ubaridi, daktari akapitisha mashine ya picha begani huku akitazama kwenye kioo misuli inavyojikaza na kulegea.

"Inua mkono, mama. Shusha. Pole. Mama, misuli hii imechoka kweli kweli. Bega lako linafanya kazi ya mguu. Kwa nini?"

"Kwa sababu mguu hakuna kitu, daktari. Na msinifiche tena, mimi ni mtu mzima. Vipande nimeviona."

"Vipande gani?"

"Vile vyeupe! Chuma kinamwagika mle ndani na ninyi mnanichekea tu!"

Daktari akaweka mashine chini. Kisha akafungua picha za nyonga, ya kwanza na ya mwisho, akaziweka sambamba, akamvutia mama kiti.

"Mama, hizi hazikutoka kwenye chuma. Hizi tulizipanda sisi kwenye mfupa, siku ya upasuaji. Ni alama zetu. Tunapima kutoka hapa mpaka kwenye chuma. Chuma kikisogea hata kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, hizi zinatuambia."

"Kimesogea?"

"Hakijasogea. Mfupa umekikumbatia. Mguu wako unaweza kukubeba tangu mwaka jana."

Mama akasogeza uso karibu na zile picha. "Kwa hiyo siku zote nilizokuja hapa mlikuwa mnatazama nilivyosimama imara?"

"Siku zote, mama."

"Na mimi nilidhani mnatazama ninavyobomoka!"

Akaangua kicheko, kicheko kikaingia machozi, binti naye akadaka, mpaka daktari akawa anajifuta kwa karatasi ya mashine yake. Mama akauliza swali moja tu: naweza kucheza? Akaambiwa taratibu, afanye kwanza mazoezi ya kurudisha nguvu za mguu, na bega walipumzishe, maskini, limeteseka bure.

Siku ya sherehe mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Jamani! Mama akaingia. Hakucheza kama zamani, nisiwadanganye, alikuwa anapima pima hatua. Lakini ule mkono uliozoea mkongojo ulikuwa umeshika mkono wa binti yake, na pilau likapoa meza zote. Nyuma yao akafuata mama mdogo, bado anatafuta ufunguo wake.

Chekeni, chekeni. Habari hii ni yenu.

Sisi tumeambiwa na Mungu kwamba ametushika. Mara ngapi? Kila Jumapili! Tunajibu ameni kwa sauti, na moyoni tunasema, ananifariji tu, mambo yangu nayajua. Umeuchungulia ule mwaka uliofiwa, ule mwaka ulioachishwa kazi, ukasema, ndiyo hivyo, nimeanza kumwagika. Sisemi Mungu ndiye aliyekutupia msiba, nisinukuliwe vibaya. Nasema hapo hapo unapoona umebomoka ndipo jicho lake lilipo, linakutazama, na linaona nini? Linaona bado umeshikwa. Kama asingekushika, leo ungekuwa umekaa hapo?

Ndiyo maana tumechoka hivi, wapendwa. Mabega yetu yanabeba mzigo ambao Mwenyewe alishaubeba. Tunajifunga hofu kila asubuhi kabla ya kufunga viatu, na furaha iko mlangoni inatusubiri tuingie nayo. Mimi nasema inatosha!

Na aliyepewa mkongojo na daktari autumie, tafadhali, nisije nikaitwa hospitali kujibu maswali.

Haya, tusimame tuombe.

Aa! Mnajiona? Ndicho nilichokiona wakati wa wimbo. Kanisa zima limesimama, na kila mtu ameshika benchi la mbele yake. Mzee wa kanisa, hata wewe. Vijana, hata ninyi, na magoti yenu mapya! Mwenye maumivu ashike, hana lawama. Ninyi wengine, liacheni. Toeni mikono. Na wewe wa pale nyuma, nakuona.

Enhe.

Mbona hamjaanguka?