Jino la Temporari

Wapendwa, kuna neno la Kizungu tunalitumia kila siku: temporari. Kazi temporari, daraja temporari, hata mume temporari. Naona akina mama kule nyuma mnacheka. Mimi sijamtaja mtu!

Basi kulikuwa na muuza nazi mmoja, mzee ambaye kicheko chake kilisikika soko zima. Zikiwa zimebaki wiki mbili amwoze binti yake, akang'oka jino la mbele. Akakimbilia kwa daktari wa meno. Daktari akampachika jino, akamwambia, "Mzee, hili ni temporari. Litumie, la kudumu likifika tutakuita."

Yeye akashika neno moja tu. Alipofika nyumbani akamuuliza jirani yake, mwalimu mstaafu, "Temporari ndiyo nini?"

"Ni kitu cha kupita, jirani. Leo kipo, kesho hakipo."

Mama yangu! Tangu hapo mzee akafunga mdomo. Nyama hali, anakunywa uji. Wateja wakiuliza bei, anaonyesha vidole. Salamu anaitikia kwa kichwa. Mnamwona? Analinda jino!

Siku ya harusi ikafika. Watu wanacheza mpaka viatu vinawatoka, baba wa bibi harusi amekaa kama kinyago. Bwana harusi akapiga magoti aombe baraka. Mzee kimya. Binti akaanza kulia, shela ikalowa.

"Baba, kama humtaki mume wangu, si ungesema mapema?"

Jamani, angefanyaje? Akaachama: "Namtaka! Nampenda kama mwanangu wa kumzaa!"

Jino hilooo! Likaruka, likatua kwenye bakuli la kachumbari. Watu wakalichungulia. Halafu mzee mwenyewe akaangua kicheko, kile cha sokoni, pengo wazi, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Akawabariki wanawe, akala nyama kwa magego, akacheza mpaka wakamwomba apumzike.

Jumatatu akaenda kwa daktari, kichwa chini. "Daktari, lile temporari limepita."

"Lipite tu, mzee! La kudumu liko hapa kabatini wiki nzima sasa. Tumekupigia simu kila siku. Mbona hupokei?"

Hupokei! Angepokeaje, na kupokea ni kufungua mdomo?

Na sisi je? Nguvu tulizo nazo, sura, vyeo, hizi siku zenyewe, ni temporari. Nani kakuambia zina aibu? Tumepewa tuzitumie, na raha yake ni tamu kwelikweli. Kosa letu ni kuzibania mdomo. Mungu anatupigia atupe cha kudumu, sisi tumekaza taya tusidondoshe cha kupita.

Ndugu yangu, cheka na wanao leo. Mwambie mkeo neno zuri angali anakusikia. Na simu yako inaita sasa hivi, hapo ulipokaa. Pokea!