Aliyefungua Njia ya Felisita

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu wenye usingizi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Mwenye kukohoa na akohoe kabisa, maana katika hadithi hii kuna mtu mmoja tu anayetega sikio, na ukikohoa utamchanganya.

Hapo zamani za kale, kanisa lilipokuwa la fito na nyasi, palikuwa na kijiji mlimani. Jina la kijiji sikuambiwa, kwa hiyo silibuni. Majina ya watu niliambiwa, nayo ni haya. Palikuwa na mwanamke, Felisita binti Kilua. Palikuwa na mzee, jina lake la ubatizo Nikodemo, la ukoo Shekigenda. Msikosee, maana Nikodemo walikuwa wawili, na yule mwingine alikuwa mfua vyuma. Huyu ni Shekigenda.

Felisita alikuwa na kosa, tena kosa la kweli. Mwezi wa pili, siku ya upepo, siku ambayo hakuna mtu aliyechoma shamba, yeye alichoma. Moto ukaruka. Vuu! Ukala paa la kanisa. Vuu! Ukala ghala tatu, na mbegu zote zilizomo. Alipoulizwa, akasema ni Elia Mntangi, mchunga mbuzi, ndiye aliyeangusha kijinga cha moto. Elia akaapa, hakusadikiwa. Akachapwa viboko kumi na viwili mbele ya watu, naye alikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Mwezi mmoja baadaye ukweli ukajulikana. Aliyeusema ni mume wa Felisita mwenyewe. Aliusema barazani, akachukua mfuko wake, akateremka pwani kutafuta kazi. Hakujua kwamba anamwacha mkewe na mimba.

Ghala moja kati ya zile tatu ilikuwa ya Mzee Shekigenda. Masika ikaja, wenzake wakapanda, yeye hakuwa na cha kupanda. Mkewe Agnesi alikuwa mgonjwa tangu zamani, na mgonjwa haponi kwa mizizi ya porini. Agnesi akafa kabla mahindi ya jirani hayajakomaa.

Basi wazee wakamtenga Felisita. Katika kijiji kile mtu akitengwa hakupigwa, wala hakufukuzwa. Njia ya kwenda kwake ilifungwa tu. Miiba iliwekwa mdomoni mwa njia, na tangu siku ile hakuna aliyetia jembe wala panga. Hakuna aliyempigia hodi. Na sheria ilikuwa hivi: atakayeifungua njia hiyo kwa mkono wake, kosa la aliyetengwa ni lake. Atakaa yeye nje, kwenye jiwe la waliotengwa, mbele ya kanisa.

Miezi mitano ikapita. Nyumba ya Felisita ilikuwa bondeni, ng'ambo ya kijito. Magugu yakafunika njia, na juu ya magugu ukatambaa upupu, ule unaomwasha mtu hadi akajikuna damu. Felisita akaishi kwa mhogo wa nyuma ya nyumba. Tumbo likakua. Hakusema na mtu, na hakuna mtu aliyesema naye.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, akasikia sauti kutoka juu ya kilima. Ilikuwa sauti ya Mzee Danieli Semkiwa, mkubwa wa baraza.

"Felisita! Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana isikukute hapo. Tunataka kuisherehekea tukiwa safi. Ikikukuta, tutakuja kuivunja nyumba."

Alisema mara moja tu, akaenda zake.

Felisita akatazama mto, maana nyuma ya nyumba hapakuwa na njia nyingine ila kuvuka mto. Mto ulikuwa umejaa mvua za vuli. Akajiambia, maji yakipungua nitavuka. Akakausha mhogo, akautwanga, akafunga furushi. Maji hayakupungua.

Juma la pili, Jumanne, akiwa anachambua mboga, akasikia.

Chwa! Chwa! Chwa!

Kimya.

Chwa! Chwa! Chwa!

Lilikuwa panga, mbali, huko juu mdomoni mwa njia. Mboga zikamwanguka. Wameanza, akasema moyoni. Hawakungoja sikukuu.

Siku ile panga lilifyeka hadi jua la mchana, kisha likanyamaza. Kesho yake likarudi. Chwa! Chwa! Chwa! Kisha kimya. Keshokutwa likarudi. Felisita akashindwa kula. Akawa anahesabu: mapigo matatu, pumziko, mapigo matatu, pumziko. Akajiuliza, ni watu gani hawa wafyekao mara tatu na kupumzika? Wangekuwa kumi wangemaliza kwa siku moja. Akadhani wanafanya makusudi, ili hofu imle kidogokidogo kabla hawajafika.

Juma la tatu panga lilipita mti wa msufi, ule ulio nusu ya njia. Sasa akasikia na kikohozi. Koho, koho. Chwa! Chwa! Chwa! Koho.

Kikohozi kile alikijua. Alikuwa amekisikia kanisani tangu utotoni, nyuma ya safu ya wanaume. Kilikuwa cha Nikodemo Shekigenda.

Katika watu wote wa kijiji, huyo ndiye ambaye Felisita alimwogopa zaidi. Semkiwa alikuwa na maneno makali, lakini Semkiwa hakuzika mke kwa ajili yake. Elia alichapwa, lakini viboko hupona. Huyu mzee ana kaburi nyumbani, akasema, naye anakuja peke yake, na panga mkononi.

Akaenda mtoni. Akatia mguu. Maji yakamfika pajani, yakamsukuma, akashika mizizi, akarudi ukingoni. Akakaa pale hadi nguo ikamkaukia mwilini. Nyuma yake panga likawa linakuja. Chwa! Chwa! Chwa!

Juma la nne, Jumatatu asubuhi, uchungu ukamshika.

Uchungu wa kwanza ukaja, ukapita. Panga lilikuwa kwenye kijito. Uchungu wa pili ukaja. Akasikia mtu akivuka maji, chubwi, chubwi. Felisita akafunga mlango, akauegemeza mchi wa kutwangia, akakaa chini na mgongo ukutani. Panga likafyeka magugu ya uwanja. Likafyeka ya mbele ya mlango. Kisha likanyamaza.

"Hodi."

Ilikuwa miezi mitano Felisita hajasikia neno hilo.

"Hodi wenyewe."

"Nani?"

"Mimi. Nikodemo Shekigenda."

"Baba, nakusihi. Nyumba utaivunja. Ningojee nijifungue kwanza."

Huko nje kikasikika kikohozi.

"Mwanangu," mzee akasema, "nyumba hii ilivyo, ingoje mvua mbili tu, itaanguka bila kusumbua mtu. Panga ni la upupu. Nimeliweka chini. Tazama ufani."

Akatazama penye ufa wa mlango. Panga lilikuwa limelala majanini. Mzee alikuwa amesimama mbali nalo, mikono wazi, na mikono ile ilikuwa imevimba hadi viwikoni, imechunika kwa upupu kama nyama. Felisita akaondoa mchi.

Wakatazamana. Felisita ndiye aliyeanza.

"Mama Agnesi amekufa kwa sababu yangu."

"Najua. Sikuja kwa kuwa nimesahau."

"Wala sijakuomba radhi, baba. Wewe, wala Elia, wala mtu yeyote."

"Ungepita wapi uje kuomba?" mzee akasema. "Njia tuliifunga sisi."

Kisha akamweleza kwa maneno machache. Kila Majilio kijiji kilitengeneza barabara ya kanisa, kila nyumba na kipande chake. Kipande cha Shekigenda kiliishia pale penye miiba. Alikuwa amemaliza kipande chake, akajinyoosha mgongo, akaiona miiba. Akasimama pale muda mrefu. Akawaza, Bwana ambaye tunamlimia barabara hii, je, alingoja sisi tumlimie? Akaenda kuwaambia wazee. Wazee wakamkatalia. Semkiwa akamkumbusha sheria. Akasema sheria anaijua, yeye mwenyewe ni miongoni mwa walioitunga.

Uchungu ukamkata Felisita, akainama. Mzee akauliza una muda gani, akaambiwa tangu alfajiri. Akageuka, akapanda kilima kwa njia ile aliyoifyeka, akikohoa.

Felisita akabaki peke yake. Kikohozi kikaenda mbali, kikapotea. Je, atarudi? Uchungu ukaja, ukapita. Jua likapanda. Je, watamwachia arudi? Uchungu ukaja, haukupita upesi. Akauma kanga yake.

Ndipo akasikia nyayo, na sauti ya mwanamke inayonung'unika. Alikuwa Bibi Monika, mkunga, akilalamika kwamba wanaume wakifyeka njia huacha visiki vya kumvunja mtu vidole. Akaingia bila woga. Sheria ilimshika aliyefungua njia. Njia ikishafunguliwa ni njia, kila mtu apita.

Jua halijatua mtoto akalia. Alikuwa wa kike. Mzee alikuwa amerudi pamoja na mkunga, ameketi uwanjani, amempa mlango mgongo. Aliposikia kilio, akacheka kidogo, akajikuna mikono.

Siku ya Kuzaliwa Bwana, watu wakaingia kanisani. Mzee Shekigenda hakuingia. Alibaki nje, kwenye lile jiwe la waliotengwa, akakaa, kofia magotini. Kosa lilikuwa lake sasa, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na sheria aliyoitunga. Watu walimpita wakitazama chini.

Felisita akaja kwa ile njia. Bibi Monika alikuwa amemkataza, akisema mzazi wa siku chache hatoki nje. Akaja hivyo hivyo, mtoto kifuani, akipumzika kila hatua chache. Hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye jiwe, akakaa karibu na mzee. Kisha akasema, kwa sauti ya kufika ndani:

"Elia Mntangi, nilikusingizia. Moto ulikuwa wangu. Nisamehe."

Wimbo ukakatika katikati.

Elia akatokea mlangoni. Akasimama. Watu waliona taya zake zikicheza. Alimtazama Felisita, akamtazama mzee na ile mikono yake, akamtazama mtoto. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alikuja tu, akaketi upande wa pili wa jiwe. Mkewe akamfuata, na watoto wake. Kisha akatoka Bibi Monika, kisha wengine, hadi mwalimu wa kanisa akatoka na kitabu chake, akamaliza ibada juani.

Mzee Danieli Semkiwa alibaki ndani. Wengine husema alitoka kwenye wimbo wa mwisho, wengine husema hakutoka. Sikuwepo, siwezi kushuhudia.

Ninalowaachia ni hili. Wakati wa Majilio sisi husema tunamngoja Mungu, kana kwamba sisi ndio wenye kazi na yeye amekaa. Kumbe yeye ndiye aliyeingia katika upupu, anafyeka kuja kwetu kabla hatujamwomba radhi, na kosa letu amekwisha kujitwika. Nasi tumefunga mlango kwa mchi, tukidhani anakuja kuvunja nyumba. Ukisikia panga lake, usikimbilie mtoni. Ngoja usikie hodi.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipotua mzigo wake. Aliyeisikia, aibebe.