Makoti Yaliyokuwa Kazini

Hapo zamani, nyaya za umeme zilipokwisha kufika lakini haya ingali njiani, palikuwa na nchi iitwayo Kizimbiti, na sultani wake akiitwa Fakihi. Sultani huyu alijenga chuo kikubwa, akajifanya yeye ndiye mkuu wake, akakijaza kompyuta na printa na viyoyozi, na walimu waliojua kila kitu ila mahali pa kuzimia mashine.

Umeme wa nchi ile ulikuwa kama maji ya mtungi mmoja: chuo kikinywa, mji unakauka. Basi ikawa kila siku kinu cha kusagia kinasimama, na wanawake wanarudi nyumbani na mahindi yao mazima, utadhani wanawalisha kuku, si watoto.

Watu wakaja kulalamika. Sultani, badala ya kunyoosha mkono akabonyeza swichi, akamwita Pandu, fukara aliyefagia majani ya chuo na kulala na mkewe Mize katika kibanda cha langoni. Wote walimwita mjinga, naye hakuwakatalia, maana mjinga hasumbuliwi na mikutano.

"Ewe Pandu," akanena Sultani, "zima kila mashine isiyo na mtu. Umeme wa chuo usipopungua kabla ya baraza ya mwezi kuandama, utatoka kibandani. Na ukithubutu kuzima mashine ya mtu aliye kazini, utatoka siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, mtukufu," akasema Pandu, akiyatazama mawingu ya masika yanavyojikusanya.

Akaingia chumba cha kwanza. Kompyuta inawaka, printa inakoroma, kiyoyozi kinavuma hata karatasi zinatetemeka, na kitini hamna kitu ila koti. Akanyoosha mkono. Sururu, karani wa Sultani, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"We mwehu! Huoni koti? Mwalimu yupo!"

"Yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Kidogo ya leo, au ya juzi?"

"Koti likiwapo, mwenyewe yupo. Ndiyo desturi ya wasomi. Toka!"

Chumba cha pili koti, cha tatu koti. Wanaume wazima na ndevu zao wameyaachia makoti kazi, wenyewe wako kivulini wanatafuna kashata. Hata chumbani mwa Sultani, joho jekundu limekaa kitini, na mbele yake kompyuta inaonyesha samaki wakiogelea, labda joho lisione upweke.

Pandu akarudi nyumbani. Mize alikuwa juu ya kigoda akiziba paa.

"Umezima ngapi?"

"Hata moja. Wote wapo kazini. Karani asema koti likiwapo, mtu yupo."

Mize akasonya. "Kama wamo ndani, hawa wanaopita hapa langoni kila asubuhi kwenda kulala ni kina nani?"

Pandu akacheka hata ufagio ukamponyoka.

Siku ya baraza ikawadia. Baraza ilifanyika chumbani mwa Sultani, na watu wa mji wakaja na makapu ya mahindi kichwani. Wakamkuta Pandu amesimama mlangoni, ufagio ameuweka kingamo. Mara akaja Sultani kutoka kwa wakweze, walimu nyuma yake, jua la utosi likiwachoma.

"Pisha!"

"Taratibu, bwana mkubwa. Mtukufu Sultani yumo ndani, yuko kazini."

"Mpumbavu wewe! Mimi ndimi Sultani!"

"La hasha. Sultani yu kitini tangu asubuhi. Samaki wake wanaogelea, upepo unampuliza. Kila mwenye kitambi akiingia aseme ndiye Sultani, nchi itakuwaje? Muulize karani wake."

Wakamgeukia Sururu. Akisema Sultani yumo, amemfanya bwana wake tapeli. Akisema hayumo, mwongo ni yeye. Akasema:

"Yupo... ila ametoka kidogo."

"Kidogo!" akapaza sauti mama mmoja mwenye kapu. "Na tumbo lote lile limetoka naye?"

Kicheko kikapasuka. Jasho likamtiririka Sultani mpaka shingoni, akapiga ukelele: "Mle hamna mtu! Mna joho tu!"

"Na vyumba vingine, bwana mkubwa?"

"Makoti! Makoti matupu!"

"Basi sasa nakutambua, mtukufu," akasema Pandu, "na amri yako naifuata."

Akaingia akazima kompyuta, samaki wakafa bila kisu. Akazima printa, akazima kiyoyozi, akaendelea chumba hadi chumba, na walimu wakitazama viatu vyao. Hajamaliza, kinu cha mjini kikaanza kunguruma. Wanawake wakageuka na makapu yao, wakaenda zao; hakuna aliyeaga. Sultani akabaki na hotuba yake mdomoni, hana wa kumhutubia ila joho.

Hakumzawadia Pandu kitu, wala Pandu hakungoja. Lakini hakuthubutu kumtoa kibandani, maana mji mzima ungemuuliza: aliyemtoa ni nani, ni wewe au joho?

Hekaya imetua hapo. Mwenye koti na alivae.