Kitako cha Gobore la Ndalahwa

Hii someni kwanza ndipo mwatumie wengine. Nawajua, mnatuma msichosoma.

Palikuwa na mwindaji, Ndalahwa, mwenye gobore na kibali cha mtemi. Alipokufa, siku ya kuondoa matanga mdogo wake Masunga alisimama mbele ya watu akalidai. Kwao mkuki wa marehemu huchukuliwa na mdogo wake, na yeye aliona bunduki ni mkuki wenye kelele tu.

Mjane, Nyamizi, akakataa. Akaliviringisha kwenye shuka la mumewe, akalificha darini.

"Shemeji, utamwinda nani na hilo?" Masunga akamkejeli.

"Wewe, ukizidi."

Masunga akaenda kushtaki. Wote wakaitwa barazani, na gobore likaletwa.

Mtemi akasema, "Sheria mnaijua. Kibali hupewa mtu, hakipewi nyumba. Mwenyewe akifa, bunduki inarudi kwangu. Anayeitaka aombe upya, na mkewe aseme hapa kama hasira za mumewe huwa zinalala."

Masunga akamgeukia mkewe, anatabasamu. Mke akatazama vidole vya miguu yake. Akaendelea kuvitazama.

"Nimesikia," mtemi akasema. Kisha akamgeukia mjane. "Na wewe mama umeficha silaha isiyo na kibali. Ulitaka kumpiga nani?"

"Simpigi mtu. Hata kulishindilia baruti sijui."

"Sasa ni la nini?"

Nyamizi akapapasa kitako cha mti. "Hapa ndipo alipokuwa akiegemeza shavu akilenga. Pamelainika. Pananuka tumbaku yake, tumbaku niliyomkataza mpaka nikachoka. Chuma chukueni. Huu mti niachieni."

Watu wakacheka. Mtemi hakucheka. Alimwita mhunzi, akamwambia atenganishe mti na chuma.

"Ninachokiogopa ni mtutu," akasema. "Mti huu peke yake haujaua hata panzi. Chukua, mama."

"Na mimi je?" Masunga akauliza. "Nirithi moshi?"

"Urithi wako upo."

Mhunzi akaufua ule mtutu ukawa jembe. Masunga akapewa, pamoja na amri ya kuanza na shamba la shemeji yake kabla hajagusa la kwake.

Mvua zikaja, akalima kwa kununa. Mchana akaenda jikoni kwa Nyamizi kuomba maji, akasimama mlangoni. Kitako kilikuwa kimeegemezwa kwenye kigoda cha marehemu, na Nyamizi, huku anachambua kunde, anakiambia:

"Mdogo wako kapinda matuta kama nyoka. Ungekuwepo, ungecheka mpaka ukohoe."

Akaacha kuchambua kidogo, kama anayengoja kikohozi.

Masunga hakuomba maji. Alirudi shambani, akaanza kunyoosha matuta, tuta la kwanza mpaka la mwisho.

Funzo: Bunduki hairithiwi kama mkuki, mwenyewe akiondoka irudisheni, na mkimkuta mjane ameshika kipande cha mti, msimuulize ni cha nini.